Wakwe wanakuja: je, Lubumbashi ina mji wa kale kando ya mto?

"Yambo, Mwalimu. Ninakaa Katuba, hapa Lubumbashi, nimeolewa na Mtanzania. Mwezi wa saba wakwe zangu wanakuja kutoka Tabora, na ni mara yao ya kwanza kufika Lubumbashi. Baba mkwe ana miaka 68, ni mwalimu mstaafu wa historia, na goti lake la kulia linamsumbua. Amemwambia mume wangu kwamba hataki kuzungushwa kwa gari wala kupelekwa madukani. Anataka tumtembeze kwa miguu, polepole, katika mji wa kale kando ya mto. Nimewauliza wenzangu, wakanicheka: eti Lubumbashi haina mji wa kale, kuna majengo ya Wabelgiji tu, na mto ni wa takataka na sumu ya kiwanda. Wengine wanasema ukipiga picha unakamatwa. Sitaki mume wangu aaibike mbele ya wazazi wake. Njia ya namna hiyo ipo kweli? Tuanzie wapi? Na tutafute mtu wa kutuongoza, au nijitahidi mwenyewe?"

Yambo sana, dada yangu. Nimesoma swali lako mara mbili, na naona kinachokuumiza zaidi si mto wala goti. Unaogopa kwamba mzee aliyefundisha historia maisha yake yote atafika kwako akute mji usio na cha kumsimulia. Hofu hiyo iweke chini. Njia ipo, na ni nzuri. Ila haifanani na ile aliyonayo kichwani, na ni vizuri mume wako amweleze hivyo mapema, kabla hawajaanza safari.

Mtu akisikia "mji wa kale kando ya mto" anaona gati, mashua, na barabara ya kupunga upepo yenye miti upande mmoja na maji upande mwingine. Miji ya aina hiyo ilizaliwa na mto kwa sababu mto ndio uliokuwa barabara yake. Lubumbashi haikuzaliwa hivyo. Mto wetu ni mdogo, haubebi meli. Bidhaa na watu waliletwa na reli iliyotoka kusini, Rhodesia ya wakati huo, sehemu ambayo leo ni Zambia, na ikafika hapa mwaka 1910. Mto ulipewa kazi nyingine: kunywesha kiwanda. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mahali pa kuyeyushia mawe ya shaba ya mgodi wa Étoile ulioko mashariki, na tanuru haliwezi kuendeshwa bila maji mengi ya karibu. Ndiyo maana kiwanda kilikaa ukingoni mwa mto Lubumbashi. Shaba ya kwanza ilimiminwa Juni 1911. Kwa wakati huohuo Émile Wangermée, mkuu wa Katanga wa enzi hiyo, alikuwa anapimisha barabara zilizonyooka za mji mpya aliouita Élisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji.

Matokeo yake unayaona hadi leo. Mji uliupa mto kisogo. Ukimpeleka mzee atafute matembezi ya ukingoni, atarudi na huzuni. Lakini ukimweleza sababu, kisha ukamtembeza mahali mji ulipokulia, mji wa matofali, mto na kiwanda, halafu ng'ambo ya pili kitongoji cha Kamalondo, mwalimu wa historia atafurahi kuliko angeonyeshwa gati lolote.

Sasa nije kwa wenzako waliokucheka. Kusema Lubumbashi haina mji wa kale kuna ukweli kidogo, kwani mzee anatoka Tabora, mji uliokuwa njia panda ya misafara katika karne ya 19. Mji wa mwaka 1910 kwake ni kijana. Lakini shaba ya nchi hii haikuanza na Wabelgiji. Watu wa huku waliiyeyusha karne nyingi kabla yao, wakaisubu katika misalaba midogo iliyotumika kama mali, kulipia mahari na kuzikwa na wenyewe. Na hapa una zawadi ya kumpa baba mkwe: Msiri, mtawala wa Wayeke aliyejenga dola yake Bunkeya, alitoka Unyamwezi. Alikuja kwa ajili ya shaba na pembe, akatawala, akauawa na ofisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold II, Desemba 1891. Kwa hiyo mzee wako haji ugenini kabisa. Anafuata njia ya watu wa kwao. Mwambie hivyo siku ya kwanza, mkiwa bado mezani, halafu mwache yeye aendelee.

Na hilo la "majengo ya Wabelgiji tu" linanikera, niseme wazi. Michoro ilikuwa yao. Matofali ni udongo wa hapa, na mwingi wake ulichimbwa kwenye vichuguu vikubwa vya mchwa ambavyo hata leo wafyatuaji matofali wanavitafuta. Mikono iliyoyapanga ilikuwa ya wanaume walioandikishwa kutoka pande zote za Katanga, Kasai, Maniema na Rhodesia, wengi wao wakaletwa kwa nguvu au kwa ahadi zisizotimizwa. Ukisimama mbele ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa karibu mwaka 1920, au mbele ya sinagogi la mbunifu Raymond Cloquet, la karibu mwaka 1930, msimulie mzee pia habari za hao.

Jambo ambalo wageni wengi hawaelezwi, na ambalo mimi nalitilia mkazo kuliko yote, ni ule uwazi uliokuwa katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika waliokuwa wakikaa karibu na mji wa Wazungu waliondolewa, wakahamishiwa kusini, mahali tunapopaita Kamalondo. Kati yao na mji ukaachwa ukanda mtupu wa karibu mita 700, wanauita zone neutre. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya: mbu aliyemuuma Mwafrika mwenye malaria asiweze kuruka hadi kitandani kwa Mzungu. Lakini ukanda ule ulikuwa pia wa kulinda na kuhesabu watu. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kubaki mjini bila kibali. Baadaye kikaja kitongoji kinachoitwa Kenya, na katika miaka ya 1950 Katuba yako na Ruashi. Kwa hiyo hata nyumba utakayowalaza wakwe zako imo katika hadithi hii. Leo ukanda umejazwa majengo na huwezi kuuona kwa jicho, ila mguu unauhisi. Ukitembea kutoka katikati ya mji kwenda Kamalondo, kuna mahali barabara zinabadilika, nyumba zinakaribiana, viwanja vinakuwa vidogo. Mgeni aliyeonyeshwa mji wa matofali bila kuvushwa hadi Kamalondo ameonyeshwa nusu ya mji.

Tuje kwenye njia yenyewe. Nakushauri uigawe katika asubuhi mbili, usiilazimishe siku moja. Nimetembeza wazee wengi, na nimeona kwamba kinachowachosha si kutembea bali kusimama wakisikiliza maelezo. Goti linalovumilia nusu saa ya mwendo linaweza kugoma baada ya dakika kumi za kusimama palepale. Kwa hiyo chagua vituo vyenye mahali pa kukaa, na hadithi ndefu isimuliwe mkiwa mmekaa.

Asubuhi ya kwanza iwe ya mji wa kati. Anzeni kwenye jumba la makumbusho la taifa. Ndani kuna misalaba ya shaba na vyombo vya kale vya Katanga, na ndipo mzee atakapoona kwa macho kwamba hadithi haikuanza 1910. Jirani yake ni jengo ambalo watu wanaliita Jengo la 30 Juni, lililojengwa katikati ya miaka ya 1950 kama ukumbi wa michezo ya kuigiza, kwa michoro ya Claude Strebelle na wenzake. Sasa ndimo linamofanyia kazi bunge la mkoa, kwa hiyo litazameni kwa nje na kwa adabu. Kutoka hapo shukeni polepole hadi sinagogi, lililojengwa na Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, kisha kanisa kuu. Ingieni, kaeni kwenye mabenchi, pumzikeni vya kutosha.

Malizieni kwenye uwanja wa Posta, mbele ya sanamu ya Moïse Tshombe, aliyeiongoza Katanga ilipojitenga. Hapo mwalimu wa historia atakuwa na maswali. Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na ikarudishwa Kongo Januari 1963, baada ya mapigano ndani ya mji huuhuu kati ya askari wake na wa Umoja wa Mataifa. Wapo watu wa hapa wanaoikumbuka enzi hiyo kwa mapenzi, wapo wanaoikumbuka kwa uchungu, na wote wanapita uwanjani hapo. Maswali yake mengi mwombe ayaweke hadi nyumbani. Akiuliza habari za Lumumba, na atauliza, mwambie kweli: yeye na wenzake Mpolo na Okito waliletwa hapa na kuuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961, na mahali penyewe, Shilatembo, ni nje ya mji upande wa barabara ya Likasi. Hapafikiki kwa matembezi. Kama mna gari na siku ya tatu, mpelekeni, ila pasiunganishwe na kitu kingine chochote siku hiyo.

Asubuhi ya pili ndiyo ya mto. Chukueni taksi mapema hadi pale barabara inapovuka mto Lubumbashi upande wa kiwanda cha zamani cha Union Minière, ambacho baada ya kutaifishwa kikawa cha Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Msitafute kuingia kiwandani, ni mali ya watu na kuna walinzi. Kutoka barabarani mtaona vitu viwili ambavyo kila mtoto wa Lubumbashi anavijua: bomba la moshi lenye urefu wa karibu mita 150, na ule mlima mweusi, terril, ambao si mlima bali ni mabaki ya tanuru yaliyomwagwa mwaka baada ya mwaka. Ndani yake bado kuna shaba, kobalti na zinki, ndiyo maana unachimbwa upya. Mwonyeshe mzee maji yale na umwambie yanakokwenda: yanaingia Kafubu, kisha Luapula, yanapita ziwa Mweru na kuishia mto Kongo.

Hapo pia pana jambo zito. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara, wakati vita vya dunia vimepandisha mahitaji ya shaba na bei za vyakula. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyezungumza kwa niaba yao, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Mimi huisimulia habari hii taratibu, bila kuongeza chumvi. Haihitaji.

Kuhusu sumu, wenzako hawakukosea, ila hawakukueleza ipasavyo. Kwa miongo mingi tanuru lilitoa moshi wenye vumbi la metali. Upepo wa huku kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulisukumwa kaskazini-magharibi, na udongo wa upande huo, hasa mtaa wa Penga Penga, una shaba, risasi, kadimi na aseniki nyingi. Tanuru lilizimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini metali haiozi kama majani, inabaki udongoni. Hatari kubwa ni ya mtu anayeishi hapo, anayelima mboga hapo, na zaidi mtoto anayecheza chini na kutia mikono mdomoni. Mgeni anayesimama barabarani kwa muda wa saa moja tu, siku moja, hayuko katika hali hiyo. Msiguse maji ya mto, msinunue mboga zilizolimwa ukingoni, na naweni mikono kabla ya kula. Julai ni kiangazi na vumbi ni jingi, kwa hiyo mama mkwe na baba mkwe wawe na kitambaa cha kufunika pua. Kama wewe au jamaa yako mna watoto wadogo na mnakaa karibu na kiwanda, hilo ni swali la kumwuliza daktari hospitalini, akiona inafaa awapime damu.

Kutoka mtoni taksi iwapeleke Kamalondo, na hapo ndipo mtembee. Msiwe na haraka. Hiki ndicho kitongoji cha kwanza cha Waafrika wa mji, na ndicho nyumbani kwa Mazembe. Klabu ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini kwa jina la Saint-Georges, na mwaka 2010 ikawa ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Uwanja wake, uliofunguliwa 2011, uko hapohapo. Hata mzee asiyependa mpira, Mtanzania yeyote analijua jina Mazembe. Kaeni sehemu mle bukari, yaani ugali wa huku, kwa matembele na michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, na mwonjesheni munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ila ulizeni kwanza maji yaliyotumika, kwani tumbo la mgeni halijazoea ya kwetu.

Juu ya picha, ushauri wangu ni mkali. Mnaweza kupigana picha ninyi wenyewe kanisani mkiomba ruhusa, mezani, na barabarani mahali ambapo hakuna jengo la serikali nyuma yenu. Lakini stesheni, daraja, kambi, mahakama, ofisi za mkoa, bunge na polisi, simu ibaki mfukoni. Katika nchi yetu vitu hivyo vinahesabiwa kuwa vya usalama, na mgeni mwenye pasipoti ya nje ndiye wa kwanza kusumbuliwa. Wakwe zako watembee na nakala ya pasipoti, asili zibaki nyumbani. Mkisimamishwa, wewe au mume wako ndiye aseme, kwa upole, na mzee asijaribu kuelimisha askari. Kama baba mkwe anataka kupiga picha za majengo kwa kumbukumbu zake, nenda mwenyewe ofisi ya jiji kabla hawajafika, uulize kibali kinachotakiwa, na upewe kwa maandishi. Neno la mdomo la mtu wa mlangoni halitakusaidia barabarani.

Goti sasa. Mji wetu uko kwenye uwanda wa karibu mita 1,200 juu ya bahari, sawa na Tabora, kwa hiyo pumzi haitamsumbua, na barabara za katikati ni tambarare. Kinachonitia hofu ni mitaro isiyofunikwa na njia za pembeni zilizovunjika. Avae viatu vilivyofungwa, abebe fimbo hata kama anaona haya, na asitembee akitazama juu kwenye madirisha: asimame kwanza, ndipo atazame. Asubuhi za Julai zinaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na goti lililopoa huanza kwa ugumu, kwa hiyo msitoke kabla ya saa tatu asubuhi isipokuwa ile siku ya mto. Siku hiyo akae kwenye taksi hadi jua lipande kidogo. Mimi si daktari. Kama goti linavimba, linamwacha ghafla akitembea, au linamwamsha usiku, amwone daktari au mtaalamu wa viungo hukohuko Tabora kabla ya safari. Na kama siku ya matembezi litavimba, rudini nyumbani.

Wengine watakuambia bora waje Septemba au Oktoba, jakaranda zikiwa zimechanua zambarau. Ni kweli mji unapendeza wakati huo, lakini joto ni kali, na kwa mtu wa umri wake mimi nachagua Julai. Miezi ya mvua isahau; mitaro hufurika na huwezi kujua unakanyaga nini.

Kuhusu mwongozaji: usijitwike yote. Wewe utakuwa unapika, unatafsiri na kuwahangaikia, hutaweza pia kukumbuka tarehe. Kwa siku ya kwanza, nenda makumbusho wiki moja kabla. Ulizia siku na saa wanazofungua, kiingilio, na kama kuna mfanyakazi anayeweza kuwafuata hadi kanisa kuu. Ukikosa, jaribu kituo cha sanaa kinachoitwa Picha, wale wanaoandaa tamasha la sanaa la mji tangu 2008. Huko kuna vijana wanaoujua mji kwa miguu. Patana bei kabla, useme wazi ni franka au dola, na ni kwa kundi zima au kwa kila mtu. Kwa siku ya pili, usitafute mtaalamu. Tafuta mzee wa Kamalondo, aliyefanya kazi Gécamines au relini, anayekubali kukaa na mzee mwenzake. Uliza parokiani kwako Katuba, hutakosa anayemjua mtu. Huyo mpe nauli, chakula na bahasha ya heshima.

Jambo moja la mwisho. Umeniandikia mengi juu ya baba mkwe, lakini mama mkwe hukumtaja hata kidogo anachopenda. Mpigie simu wewe mwenyewe, usimtume mume wako, umwulize. Huenda naye anapenda kutembea, huenda anataka kuona vitenge vya soko la Mzee Kabila huku mzee akibaki Kamalondo na mwenyeji wake. Kama ni hivyo, siku ya pili gawanyikeni baada ya chakula, mume wako abaki na baba yake, wewe uende naye sokoni, na mkutane nyumbani kabla ya jua kuzama.